Kwa nini presha inapanda ukikimbia, na bado tunaambiwa tukimbie

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye kikundi chetu cha jogingi huku Temeke ni hili, kama kukimbia kunashusha presha mbona mtu akipima pale pale alipomaliza anakuta imepanda? Na sio swali dogo, maana kuna mzee wetu mmoja mstaafu, watoto wake walimnunulia mashine ya kupimia nyumbani, akatoka kwenye mbio akakaa kwenye kiti jasho linamtiririka akajifunga ile mashine mkononi, ikasoma mia na themanini na kitu, mkewe akasema basi hayo mazoezi yenu yataniulia mume, na tangu hapo mzee hatukumuona tena barabarani. Mimi sio daktari. Nilianza kusoma haya mambo kwa sababu mama yangu ana presha na nilitaka kujua kinachoendelea mwilini mwake ninapomtoa asubuhi kutembea. Kadri nilivyosoma ndo nikaona kuna kitu cha msingi ambacho yule mzee hakuelezwa na mtu yeyote, kwamba presha ya wakati unakimbia, presha ya masaa yanayofuata, na presha ya mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka ni habari tatu tofauti kabisa, na ukizichanganya utakimbia kitu kinachokutibu.

Tuanze na ile ya kwanza. Ukiwa umekaa unaangalia tivi moyo wako unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika, yani karibu damu yote uliyonayo inapita pale kila dakika moja. Misuli wakati huo inachukua kama asilimia 20 tu, nyingine inaenda kwenye figo, ini, tumbo, ubongo. Ukianza kukimbia mapaja yanadai oksijeni na moyo unaitikia, mapigo yanaongezeka, kila pigo linatoa damu nyingi kuliko kawaida, na kijana wa kawaida akikimbia mpaka mwisho wa uwezo wake anafika kama lita 20 kwa dakika, wale wa kiwango cha dunia wanavuka 35. Hapo misuli inachukua zaidi ya asilimia 80 ya damu yote. Sasa mzigo wote huo ukisukumwa kwenye mishipa lazima namba ya juu ya presha, ile ya pale moyo unaposukuma, ipande, kutoka 120 mpaka 180 au hata 200, kwa mtu ambaye hana ugonjwa wowote. Ila itazame namba ya chini, ile ya moyo ukiwa umetulia kati ya pigo na pigo. Kwenye mbio za mwendo wa wastani namba ya chini inabaki palepale au inashuka kidogo, kwa sababu mishipa ya miguuni imefunguka na damu inapita kwa nafasi. Mtu mwenye ugonjwa wa presha hali yake ni nyingine, mishipa yake imekaza akiwa amekaa, akiwa anakula, mara nyingi hata akiwa amelala, na moyo unafanya kazi ngumu masaa 24 bila mwili kwenda popote. Kwa hiyo mia na themanini ya mzee wetu, aliyepima jasho halijakauka, haikuwa inasema chochote kuhusu ugonjwa wake. Ilikuwa inasema ametoka kukimbia.

(Kunyanyua vyuma vizito ni habari nyingine, pale mtu akibana pumzi na kukaza mwili namba zote mbili zinaruka juu sana kwa sekunde chache, ndo maana mwenye presha ambayo bado haijadhibitiwa anaambiwa asianzie kwenye vyuma vizito.)

Habari ya pili ndo inayonifurahisha zaidi na ndo watu wengi hawaijui. Yule mzee angesubiri. Angetembea taratibu, akanywa maji, akakaa kivulini nusu saa au saa nzima, akapima tena, uwezekano mkubwa angekuta namba iko chini kuliko ilivyokuwa kabla hajatoka nyumbani. Baada ya mazoezi ya muda mrefu ya mwendo wa wastani presha inashuka chini ya pale ilipoanzia na inaweza kukaa huko kwa masaa mengi, kwa baadhi ya watu karibu siku nzima, na wenye presha ya kupanda inashuka zaidi kuliko wasiokuwa nayo. Sababu ziko mbili kubwa. Moja, neva zinazoamrisha mishipa ikaze zinalegeza amri yake. Mbili, misuli iliyofanya kazi inatoa histamini, ndio, hii hii ambayo tunaijua kwa mafua ya aleji na kuwashwa ngozi, na huku kwenye misuli kazi yake ni kuiacha mishipa wazi kwa muda hata baada ya mbio kwisha.

Tafakari maana yake. Kama kutembea kwa haraka leo kunakupa nafuu ya masaa kadhaa mpaka siku, basi nafuu hiyo kesho itakuwa imeisha. Ndo maana nasema kila siku kwenye kikundi, na watu wamenichoka, kwamba kwa presha anayetembea nusu saa siku tano za wiki anafanya jambo kubwa kuliko anayesubiri Jumamosi akakimbie kilomita 15 mpaka alale kitandani Jumapili nzima. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 mpaka 150 za mazoezi makali, na ukigawa hizo 150 kwa siku tano unapata nusu saa tu. Nusu saa ni kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako na kumalizia kwa miguu, asubuhi na jioni. Simlaumu mtu anayesema hana muda, najua foleni ya Mbagala ilivyo, ila nusu saa ya namna hiyo ipo.

Habari ya tatu ndo ndefu kwa sababu inahusu mwili kujengwa upya. Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando mwembamba wa seli, tabaka moja tu, na damu ikipita kwa kasi inausugua. Ule msuguo unaufanya utando utoe gesi inayoitwa naitriki oksaidi, ambayo inaingia kwenye misuli midogo ya ukuta wa mshipa na kuilegeza. Wanasayansi watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kwamba gesi hii ndo inapeleka ujumbe ndani ya mishipa. Mtu anapozoea kukimbia au kutembea muda mrefu, wiki baada ya wiki, ule utando unakuwa mwepesi zaidi kuitoa na mishipa inakuwa laini, inatanuka inapotakiwa. Mishipa ikilegea moyo hauna haja ya kusukuma kwa nguvu, na hapo ndo presha ya mtu aliyekaa tu nyumbani inashuka.

Moyo wenyewe nao unabadilika. Mwaka 1899 daktari mmoja wa Sweden, Salomon Henschen, aliwachunguza watu wa mbio za kuteleza kwenye theluji kwa kugonga vifua vyao kwa vidole na kusikiliza sauti, akasema mioyo yao ni mikubwa kuliko ya watu wengine. Kwa vidole tu! Baadaye vipimo vya eksirei na kile cha eko, kinachotazama moyo kwa mawimbi ya sauti, vikaja kumthibitisha. Mazoezi marefu ya pumzi, yani kukimbia, kutembea kwa haraka na mengine ya namna hiyo, yanatanua chemba ya kushoto ya moyo ili ijae damu nyingi zaidi, na wiki za mwanzo kabisa hata maji ya damu yenyewe yanaongezeka mwilini. Ni kama mtu aliyekuwa anachota maji kisimani kwa kikopo akapewa ndoo, maji ni yale yale ila safari zinapungua. Ndo maana mkimbiaji mzuri mapigo yake akiwa amekaa yanaweza kuwa 50 au 45 kwa dakika wakati sisi wengine tuko 70, 80. Piga hesabu, mapigo 70 kwa dakika ni 100,800 kwa siku, mapigo 50 ni 72,000. Hata ukiongeza saa moja ya kukimbia kwa mapigo 140, ambayo ni nyongeza ya 5,400, bado moyo wa huyu wa 50 umepumzika mapigo zaidi ya elfu ishirini kwa siku moja.

Tanzania tunao mfano ulio hai, Alphonce Simbu, alivyochukua dhahabu ya marathoni ya dunia pale Tokyo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Watu tuliongelea ile sekunde na ni haki yetu, mimi nilishangilia mpaka sauti ikakauka, ila mimi nilikuwa nafikiria pia zile saa mbili za nyuma yake, moyo unafanya kazi karibu na dari ya uwezo wake kwa zaidi ya masaa mawili na mwishoni bado una akiba ya kufyatuka. Hiyo haijengwi kwa mwezi mmoja, ni miaka ya kilomita nyingi za polepole.

Hofu kwamba moyo mkubwa ni moyo mbovu ilidumu muda mrefu na iliwaumiza watu. Mmarekani Clarence DeMar aliambiwa na daktari akiwa kijana kwamba moyo wake una sauti isiyo ya kawaida na aache kukimbia. Akashinda marathoni ya Boston mara saba, ya kwanza 1911 na ya mwisho 1930 akiwa na miaka 41, na akaendelea kukimbia mpaka uzeeni. Alipofariki mwaka 1958, kwa kansa, madaktari waliuchunguza moyo wake na ripoti ikatoka 1961, wakakuta ile mishipa inayoulisha moyo wenyewe ina upana wa mara mbili mpaka tatu ya kawaida. Kulikuwa na mafuta kidogo yameganda ukutani kama ilivyo kwa wazee wengi, ila kwa upana ule damu ilikuwa inapita bila shida.

Na hapa ndo nafika kwenye kisa kinachotuhusu sisi moja kwa moja na ambacho nasikitika hatukisimulii. Miaka ya 1960 mtafiti Mmarekani George Mann alikuja Tanganyika kuchunguza Wamasai, maana ilimsumbua kwamba watu wanaoishi kwa maziwa na nyama namna ile hawaugui moyo. Alikuta lehemu (kolesteroli) yao kwenye damu iko chini na presha ziko chini. Aliwapandisha vijana wa Kimasai kwenye mashine ya kukimbilia, na ripoti ya mwaka 1965 ikaonyesha wana uwezo wa mwili wa juu sana. Kisha mwaka 1972 ikatoka nyingine, ya mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na hii ndo ilinishtua: kuta za mishipa yao zilikuwa na mafuta na unene sawa kabisa na wazee wa Marekani. Hawakuwa wamekingwa na ugonjwa wa mishipa, walikuwa nao. Tofauti ni kwamba mishipa yao ilikuwa inatanuka kadri umri unavyokwenda, njia inabaki pana, na Mann akasema huenda ni ile miili yao ya kutembea maisha yote ndo iliwaokoa. Ni hadithi ya DeMar ile ile, huyu alikuwa mchapaji wa magazeti Boston na wale wachungaji wa ng'ombe kwenye nyika zetu, na hakuna aliyekuwa anafuata programu ya daktari.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi nao walivalishwa vifaa vya kupima mapigo ya moyo, utafiti ukachapishwa 2017, wakakutwa wanapata kama dakika 135 za mazoezi ya wastani mpaka makali kila siku, kwa siku moja wanakaribia kumaliza zile 150 za wiki nzima, na presha ya kupanda kwao ni adimu hata kwa watu wazima wa umri mkubwa. Hakuna anayesema turudi porini kuchimba mizizi. Ninachokiona mimi ni kwamba dakika zao nyingi ni za kutembea tu, kutembea kwa haraka, kila siku.

Lakini lazima niwe mkweli, kutembea sio kila kitu, na ushahidi wa hilo nao uko kwetu Afrika Mashariki. Wasamburu wa Kenya walikuwa na presha za chini ambazo hazipandi na umri, na pale morani wao walipoingia jeshini miaka ya 1960 presha zikaanza kupanda baada ya muda, na hawa ni wanajeshi, mazoezi hayakuwa shida yao, kilichobadilika sana ni chakula, chumvi ya mlo wa kambini ilikuwa nyingi mara kadhaa kuliko ya kwao. Halafu kuna utafiti wa Waluo uliochapishwa 1990, watu walifuatiliwa kutoka vijijini magharibi mwa Kenya mpaka walipohamia Nairobi, na presha zao zilipanda ndani ya miezi ya mwanzo tu, chumvi kwenye mkojo imeongezeka, potasiamu imepungua, mapigo ya moyo yameongezeka. Kwa hiyo ukitoka kukimbia ukapitia chipsi mayai ukamwaga chumvi mpaka sahani ikawa nyeupe, umejirudisha nyuma mwenyewe. Kwa mama yangu nadhani hili la chumvi lilikuwa gumu kuliko kutembea. Kutembea alikubali haraka, chumvi kwenye mchuzi tumebishana sana.

Kisa cha makonda wa London nacho nakipenda, maana kila mtu aliyewahi kupanda daladala anakielewa bila kuelezwa. Jeremy Morris, daktari wa Uingereza, alichukua wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, madereva na makonda, watu wa mitaa ile ile na vipato vinavyokaribiana, akalinganisha magonjwa ya moyo. Dereva anakaa siku nzima, konda anapanda na kushuka ngazi 500 mpaka 750 kwa siku akikata tiketi. Matokeo yalichapishwa 1953, makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na dereva akipatwa alikuwa na hatari zaidi ya kufa mapema. Watu wakabisha, wakasema labda wanene ndo wanachagua udereva. Morris akaenda kutafuta vipimo vya sare walizoshonewa walipoajiriwa na kweli akakuta viuno vya suruali za madereva vilikuwa vikubwa tangu mwanzo, akayachapisha na hayo 1956, hakuficha. Ila alikuwa ameshawatazama pia posta, wapeleka barua kwa miguu na baiskeli dhidi ya makarani wa ofisini, na picha ikawa ile ile. Namheshimu sana mtu wa namna hii. Alifariki 2009 akiwa na miaka 99. Madereva wa daladala na wa malori ya masafa wa huku kwetu wanakaa kwenye kiti kuanzia alfajiri mpaka usiku, wanakula barabarani, na mimi naona wao ndo tungeanza nao kwenye hizi kampeni za kupima presha, kabla ya watu wa maofisini.

Sasa inashuka kiasi gani? Hapa watu wanakatishwa tamaa na namba bila kuielewa. Kwa mtu mwenye presha ya kupanda, mazoezi ya pumzi yakifanywa kwa wiki kadhaa bila kukatisha yanashusha namba ya juu kama 5 mpaka 8, asiye na ugonjwa ni 2 mpaka 4. Utasema, mtu ana 160, kushuka mpaka 153 kuna faida gani? Ila uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa uliotoka 2021 ulionyesha kila 5 inayoshuka kwenye namba ya juu inapunguza kiharusi, shambulio la moyo na kushindwa kwa moyo, kwa ujumla wake, kwa asilimia 10 hivi. Asilimia kumi kwa kutembea. Na kwa uaminifu niseme kwamba mwaka 2023 uchambuzi wa majaribio 270 uliona mazoezi ya kujikaza bila kusogea, kama kuegemea ukuta umechuchumaa nusu, yanashusha zaidi, namba ya juu inashuka karibu 8 wakati kwa mazoezi ya pumzi inashuka 4 na nusu. Mimi bado nachagua kutembea na kukimbia kama msingi, kwa sababu ukuta hautanui chemba ya moyo wala hauzoeshi mishipa kupitisha damu nyingi kwa muda mrefu, ila mtu akiongeza zile dakika chache za ukutani sina ugomvi naye kabisa.

Na dawa usiache. Nalisema kwa herufi kubwa kwenye kikundi na nalisema hapa, USIACHE DAWA kwa sababu umeanza kukimbia. Presha ikishuka sana daktari ndo atapunguza dozi, ndo kazi yake. Ila ujue dawa yako. Ukimeza atenololi au propranololi mapigo yako hayatapanda kama ya wengine hata ukikimbia sana, hivyo saa ya mkononi itakudanganya. Ukimeza dawa za kukojosha na ukatoka kwenye jua la Dar saa nne asubuhi unapoteza maji kwa njia mbili kwa mpigo.

Joto letu linataka maelezo yake. Ukikimbia muda mrefu kwa mwendo ule ule, baada ya dakika kumi mpaka ishirini utaona mapigo yanaanza kupanda pole pole yenyewe, bila wewe kuongeza kasi. Damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, jasho linapunguza maji ya damu, kila pigo linatoa damu kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo moyo unafidia kwa kupiga haraka. Huko kwenye baridi linatokea pia ila kwetu ukanda wa pwani na unyevu huu linakuja mapema na kwa nguvu. Kwa hiyo mtu anayejilazimisha kushika ile ile kasi ya dakika kumi za mwanzo, mwisho wa saa moja moyo wake uko kwenye kazi nyingine kabisa. Punguza mwendo. Toka alfajiri. Kipimo rahisi ni mdomo, ukiweza kuongea sentensi nzima na mwenzako lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Vikundi vyetu vya jogingi vinavyokimbia kwa nyimbo vimebarikiwa kwa hili, maana anayeongoza wimbo hawezi kukimbia kwa kasi ya kuua, akikata pumzi wimbo unakatika na kundi zima linapunguza.

Na ukifika mwisho usisimame ghafla. Misuli ya miguu inapojikaza ndo inasaidia kurudisha damu juu kwenye moyo, ukisimama wima tu damu inabaki miguuni, mishipa bado iko wazi, presha inaporomoka, kizunguzungu, mtu chini. Wengi wanaoanguka baada ya kuvuka mstari kwenye hizi mbio za barabarani za wikiendi ni hilo, tembea dakika tano au kumi.

Kuna wanaoanguka kwa sababu nyingine. Sitasahau picha ya mchezaji mpira wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, pale Lyon tarehe 26 Juni 2003, Cameroon na Colombia, anaanguka katikati ya uwanja hakuna mtu karibu yake. Ilibainika alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa, ambao mtu mara nyingi anazaliwa na mbegu yake kwenye familia. Mazoezi hayakumpa ule ugonjwa, ila kwenye moyo wa namna ile kazi kubwa inaweza kuvuruga umeme wa mapigo. Mchezaji mwingine, Fabrice Muamba aliyezaliwa Kinshasa, alianguka uwanjani London Machi 2012, moyo ukakaa dakika 78 bila kupiga vizuri wenyewe, na yuko hai leo kwa sababu waliokuwepo uwanjani walianza kumkandamiza kifua mara moja na kutumia mashine ya kushtua moyo. Kila mratibu wa mbio hapa nchini angefundisha watu wake kukandamiza kifua, haigharimu kitu.

Hatari yenyewe ukiitazama kwa jumla ni ndogo. Marekani walihesabu wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya 2000 na 2010, waliosimama moyo walikuwa 59. Lakini kama umewahi kuzimia wakati wa mazoezi, au kifua kinabana ukipanda ngazi, au kwenye ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, nenda kwanza ukapigwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, na eko. Na ukiwa umekaa umetulia mashine ikasoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo ni ya hospitali.

Kuna kuzidisha pia. Waliokimbia mbio ndefu za theluji za Sweden, Vasaloppet, kilomita 90, walifuatiliwa zaidi ya 52,000, na wale waliomaliza mara nyingi na kwa kasi zaidi walipatwa zaidi na mapigo yasiyo na mpangilio kuliko waliomaliza mara moja. Chemba za juu za moyo zikitanuliwa miaka na miaka zinaweza kupoteza mpangilio wake. Hilo haliwahusu watu wengi wanaosoma hapa, tatizo letu wengi liko upande wa kukaa, nalisema tu kwa wale ndugu zangu wawili watatu ambao kila mwezi wana marathoni na kila medali inapigwa picha.

Mama yangu aliniambia mwanzoni, mwanangu mimi moyo wangu ushazeeka, hayo ni ya vijana. Nikamsimulia habari ya Dallas. Mwaka 1966 vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu, wazima kabisa, ili watafiti waone moyo unafanyaje, na uwezo wao wa kutumia oksijeni ukaporomoka kwa zaidi ya robo. Mwaka 1996 wakatafutwa wale wale watano, sasa wana miaka 50, wamenenepa, wakapimwa, ikaonekana miaka 30 yote ya uzee haikuwaharibu kama zile wiki tatu za kitanda. Kisha wakapewa miezi sita ya mazoezi ya polepole, kutembea, kukimbia kidogo, baiskeli ya kukaa, wakiongeza taratibu. Wakarudi kwenye uwezo waliokuwa nao siku ya kwanza wakiwa na miaka 20, kabla ya kulazwa, wote kwa wastani wao. Mama akaniuliza walikuwa wanatembea saa ngapi, asubuhi au jioni.